Mgowe Ambao Joackim Hakuurudisha

Mimi ndiye niliyeiona ile karatasi kwanza, na hadi leo najilaumu kwamba sikuichana. Nina kiduka cha steshenari Makambako, karibu na stendi, chenye mashine ya fotokopi, printa moja yenye tabia zake na benchi la wateja. Mchana huo dada yangu Rebeka alinitumia ujumbe: "Ema, makala yetu imetoka. Nimekutumia kwenye simu. Nitolee nakala mbili, moja ya mama." Alikuwa shuleni anafundisha kemia, kidato cha tatu, na hakutaka kuisoma kwenye simu yake iliyopasuka kioo. Alitaka kuishika mkononi.

Printa ikakwama, ikanguruma, kisha ikatoa ukurasa wa kwanza. Kiingereza changu kiliishia kidato cha nne, lakini jina la mtu halihitaji Kiingereza. Majina yalikuwa sita. La kwanza lilikuwa Joackim Ngailo, la mwisho la profesa wao, na katikati Wazungu wanne ambao sijawahi kuwasikia. Nikasoma tena kuanzia nyuma. Nikadhani printa imeruka mstari, maana ina mchezo huo, nikafungua simu. Sita vilevile.

Rebeka alikuja saa kumi, ana chaki kwenye mkono wa sweta na mfuko wa maandazi ya kusherehekea. Nilimpa karatasi. Aliisoma akiwa amesimama. Akasema, "Labda wameniweka mwishoni, kwenye shukrani." Tukaenda mwishoni. Walikuwa wamemshukuru mfadhili, mwenye mashine ya kupimia fuwele, na fundi aliyetengeneza friji ya maabara.

"Hata fundi wa friji!" nikasema.

Dada akakaa kwenye benchi la wateja. Akaja mzee mmoja anataka kopi ya kitambulisho, nikamwambia mashine imekufa. Yale maandazi yalibaki kwenye mfuko wake mpaka yakakauka.

Nieleze sasa Joackim ni nani, maana angekuwa mtu baki nisingekuwa na hasira hii. Kule kijijini Kitandililo, kwao na kwetu panatenganishwa na safu moja ya miti ya miwati. Mama yake, Mama Juliana, ndiye aliyenishika mkono siku ya kipaimara changu wakati mama yetu amelazwa. Joackim na Rebeka walisoma pamoja na kuimba kwaya moja kanisani, yeye besi, dada sauti ya pili. Joackim alitangulia Ujerumani kusomea udaktari wa kemia, na ndiye aliyemtaja Rebeka kwa profesa wake hadi dada akapata nafasi ya shahada ya uzamili. Hilo alilifanya. Simnyang'anyi.

Kazi yenyewe dada alinieleza mara nyingi mno, nikaishia kuielewa. Alumini na boroni, alisema, ni wa ukoo mmoja kwenye jedwali la elementi, boroni juu, alumini chini yake, na katika kampaundi zao za kawaida wote wawili wana upungufu wa elektroni. Ukiwakutanisha, hakuna mwenye cha kumpa mwenzake. Lakini ipo namna ya kuitengeneza alumini ikaachia elektroni moja tu badala ya tatu, ikabaki na mbili mkononi. Alumini ya namna hiyo haivumilii hewa wala unyevu. Lazima uifanyie kazi ndani ya kasha la kioo lililojazwa gesi ya agoni, mikono umeitumbukiza kwenye glavu nene zilizofungwa kwenye ukuta wa kasha. Ukifanikiwa kuifikisha salama kwa kampaundi ya boroni, mambo yanageuka: alumini inampa boroni zile mbili ilizobaki nazo. Mara nyingine wanashikana tu. Mara nyingine alumini inajipenyeza katikati ya boroni na yule aliyekuwa amefungamana naye, inawaachanisha, inakaa pale.

"Huyo alumini wako ana matatizo ya kifamilia," nilimwambia.

"Hana matatizo. Ana cha kutoa, basi," akacheka.

Joackim alikuwa anatafuta kampaundi mpya ya wawili hao, na kwa mwaka mzima alikuwa akipata matope ya kijivu. Rebeka ndiye aliyepata fuwele, za rangi ya chungwa, siku ya theluji. Alinipigia simu analia kwa furaha, nami sokoni nikapiga kelele watu wakageuka.

Na hapa ndipo lilipo kosa, kosa ambalo nadhani ni Mbena tu angelifanya. Kwetu palizi ni mgowe. Leo tunakuja kwako wote na majembe, keshokutwa kwangu. Shamba la leo ni lako na mavuno ni yako. Mimi siweki alama yoyote kwenye mstari niliopalilia. Sina haja, kwa sababu utakuja kwangu, na majirani wanaona nani alikuja na nani alijificha. Dada alipofika kule ugenini, Joackim akamwambia, "Tufanye mgowe, Rebeka. Tuanze na kazi yangu, nimebanwa na muda, halafu tuhamie kwako." Dada akaona yuko nyumbani.

Miezi minane alilima shamba la Joackim. Asubuhi Joackim anaandika kwenye daftari lake la maabara kazi inayotakiwa, anakwenda kwenye vikao vyake. Dada anaingia kwenye kasha. Jioni anamsimulia kwa mdomo, Joackim anaandika. Mwandiko wa Rebeka haukuingia kwenye daftari lile hata siku moja, maana lilikuwa la mwenye shamba. Na kule hakukuwa na majirani wa kuona.

Zamu ya dada ilipofika, Joackim alikuwa na mkutano, halafu mafua, halafu mkutano mwingine. Rebeka akamaliza utafiti wake mdogo peke yake, akafaulu, akarudi. Profesa alimuaga kwa neno moja: makala ya zile fuwele ikitoka na jina lako, omba udaktari, nitakuchukua. Joackim naye akamwambia uwanja wa ndege, "La kwanza langu, la pili lako. Nenda kapumzike." Ndiyo maana alikuwa akiisubiri makala ile kama mjamzito anavyosubiri tarehe.

Baada ya siku ya maandazi alimwandikia Joackim. Jibu lilichukua wiki tatu. "Dada Rebeka, haya ni maamuzi ya ngazi ya juu. Tuombeane." Tuombeane! Nilitaka kuitupa simu barabarani. Akamwandikia profesa, kwa adabu zake zote. Profesa akajibu upesi, naye kwa adabu: amelipitia daftari, halina mwandiko wake, amemuuliza Dokta Ngailo, naye ameeleza kwamba Rebeka alisaidia kuosha vyombo vya maabara. Nafasi ya udaktari akapewa mtu mwingine.

Kuosha vyombo. Dada hakulia hata kwa hilo. Alikunja barua, akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, akaenda kusahihisha madaftari ya watoto wa watu. Mimi nililia kwa niaba yake, nikamtukana Joackim kwa Kiswahili na kwa Kibena, mama akaniambia nitoke nje nikamalizie huko.

Miaka mitatu ikapita. Desemba iliyopita Joackim akaja likizo, na kabla hajafika kwao alialikwa kuzungumza na walimu wa sayansi kwenye ukumbi mmoja Njombe mjini. Mkuu wa shule akamteua Rebeka aende. Nilimwambia akatae. Akasema, "Nikikataa, nitasema sababu gani?" Basi nikafunga duka, nikamsindikiza, nikajifanya mwalimu wa kemia. Mvua ilikuwa inapiga bati la ukumbi hadi tunasogeza viti mbele ili tusikie.

Joackim alikuwa amenenepa vizuri. Alituchekesha, akatusimulia safari yake tangu alipokuwa akitembea peku Kitandililo, kisha akaonyesha picha ukutani: chupa ndogo yenye fuwele za rangi ya chungwa, imeshikwa na glavu nyeusi. "Hapa," akasema, "ndipo nilipoona kwamba Mungu amejibu." Nikahisi dada ameganda pembeni yangu. Kwenye kidole gumba cha glavu ya kushoto palikuwa na kiraka cha mpira mwekundu. Kiraka hicho nakijua. Dada alikiweka mwenyewe glavu ilipopata tundu, akanipigia simu kunitania kwamba amekuwa fundi wa matairi ya baiskeli huko Ulaya.

Wakati wa maswali akanyoosha mkono. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa.

"Dokta, naomba kuuliza. Huo mkono ni wa nani?"

Ukumbi ukacheka, wakidhani ni utani. Joackim naye akacheka, akanywa maji. "Ni mkono wa sayansi, mwalimu," akasema. Wakampigia makofi. Njia nzima ya kurudi Makambako dada alikaa ameegemea dirisha.

Siku mbili baadaye, Jumamosi, Joackim akaja nyumbani Kitandililo. Alikuja kwa miguu akipita kwenye miwati, amebeba kilo mbili za sukari na kitenge cha mama, na nyuma yake Mama Juliana anachechemea na goti lake bovu, uso unang'aa kwa furaha ya kumtembeza mwanawe. Nilipowaona nikasema moyoni, haya, swali la Njombe limemchoma, anakuja kutubu, na amemleta mama yake awe shahidi. Nakiri kwamba nilifurahi. Dada pia. Nilimwona akijifunga kitambaa vizuri kichwani.

"Kamwene," wakasalimia, tukaitikia, tukawakaribisha. Mama akaleta chai. Tukazungumzia mvua na viwavi kwenye mahindi. Kisha Joackim akaweka kikombe chini.

"Rebeka, nina shida, na wewe ndiye wa kunisaidia. Maabara mbili zimejaribu kuirudia ile kazi. Moja ya Japani, moja ya Marekani. Wanafuata nilivyoandika, wanapata matope. Jarida limeniandikia. Nisipoonyesha kwamba inarudiwa, wataiondoa makala."

"Na wewe umejaribu?" Rebeka akauliza.

"Mara kumi na moja." Akajifuta paji la uso. "Kuna kitu ulikuwa unafanya. Ulifanyaje?"

Kitu kipo. Asubuhi Joackim aliandika mpango, jioni aliandika matokeo, na kilichokuwa katikati alikijaza kwa kudhani. Hatua yenyewe naijua. Dada alinionyesha dukani kwa glasi mbili za maji na wino wa printa. Ni jambo dogo la mkono na subira. Siiandiki hapa.

Rebeka akasogeza kikombe chake pembeni. Halafu akasema, "Kwa hiyo hukuja kuomba msamaha."

"Nimekuja tusaidiane. Sisi ni watu wa nyumba moja."

"Basi liandikie jarida kwamba niliyefanya ni mimi. Liandike jina langu, na mimi nitawaandikia hatua yote, watairudia hata kesho."

"Haiwezekani sasa, Rebeka. Wataniuliza kwa nini hukuwemo tangu mwanzo. Wataniuliza yale niliyomjibu profesa. Nitaonekana mwongo."

"Utaonekana?" nikadakia. Mama akanikanyaga mguu.

"Ema, wewe haya huyajui," Joackim akasema, wala hakunitazama. Akamgeukia dada na kushusha sauti, ile sauti yake ya besi ya kanisani. "Nipe tu hatua hiyo. Nitakuandikia barua ya mapendekezo nzuri sana. Nitasema ulikuwa msaidizi mwaminifu."

Hapo nikaona macho ya dada yamejaa, na nikajua kilichomuumiza. Kuibiwa alikuwa amekwisha kuzoea. Alichokuwa hajazoea ni kwamba asubuhi ile, alipowaona kwenye miwati, alikuwa ameamini tena.

Mama Juliana alikuwa anatutazama mmoja mmoja. Furaha ilikuwa imemtoka usoni. "Mwanangu Rebeka," akasema, "niambie mimi kwa maneno yangu. Kuna nini hapa?"

Rebeka akamwambia. Hakumtajia alumini wala boroni. Alisema kwamba kule walikubaliana mgowe, akalima shamba la Joackim miezi minane, mavuno yakapatikana, na Joackim akawaambia wenye nchi kwamba yeye alikuwa anaosha vyombo.

Mama Juliana akamgeukia mwanawe. "Ni kweli alikuja kwako?"

"Mama, kule si shamba. Ni maabara."

"Alikuja?"

"Alikuja."

"Na wewe ulikwenda kwake siku gani?"

"Mama, haya ni mambo ya kisomi. Huwezi kuyaelewa."

"Sijauliza kisomi. Nimeuliza siku."

Joackim akachezea funguo za gari. Mama Juliana alingoja, akangoja sana, mpaka mimi niliyekuwa namchukia mtu yule nikatamani angetaja siku moja tu, hata ya uongo. Hakuitaja. Yule mama akajifunga kitenge chake, akamuaga mama yetu kwa mikono miwili, akatoka. Chai yake haikuwa imefika nusu. Joackim akamfuata bila ile hatua ya maabara aliyoijia, na sukari yake niliibeba nikaenda kuiweka juu ya mawe ya mpaka wetu na wao. Mvua ya jioni ikaimaliza.

Jumatatu tulikuwa na palizi ya mahindi. Shule imefungwa, duka nimelifunga, tuko shambani mimi, dada na mama, ukungu haujainuka bado. Nikasikia mtu anakohoa kwenye miwati. Alikuwa Mama Juliana, amevaa buti za mvua za mumewe marehemu, jembe begani.

"Kamwene," akasema. "Nionyesheni mstari."

Rebeka akaenda kumpokea jembe. "Mama, shikamoo. Goti lako. Rudi nyumbani, tafadhali. Wewe huna deni na mimi."

"Mwanangu alikula mgowe wako, hakurudisha. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika jembe, kumbe sikumfundisha lingine." Hakuliachia jembe. "Mstari ni upi?"

Mama yetu akainamisha kichwa, akarudi kwenye mstari wake, maana anawajua wenziwe. Mama Juliana akaingia kwenye mstari wa pembeni, akainama taratibu, mkono mmoja kwenye goti, akaanza. Na hapo dada yangu, ambaye hakulia dukani, hakulia kwa barua, hakulia Njombe, akalia akiwa anapalilia, kamasi na yote, mpaka tukafika mwisho wa shamba. Mimi nilimtazama yule mama na chuki yangu nikakosa pa kuiweka.

Alikuja Jumanne. Alikuja Jumatano. Mchana tunakunywa togwa pamoja, anaosha jembe lake, anasema, "Hadi kesho." Majirani wakaanza kuulizana mbona Mama Juliana analima kwa akina Rebeka na mwanawe yupo na gari. Alhamisi Joackim akapita na gari hilo kwenye barabara ya juu ya shamba, mizigo imejaa nyuma. Akasimama. Akashusha kioo, akaita, "Mama, ndiyo naondoka."

Mama Juliana hakuinua mgongo. "Nenda salama," akasema. "Mimi niko kwenye kazi yako."

Gari lilisimama pale kwa muda. Nilidhani atashuka. Nadhani hata Rebeka alidhani, maana alishikilia jembe juu bila kulishusha. Kisha kioo kikapanda, gari likaondoka kuelekea Makambako, na tope lake likaturukia mahindi ya pembeni.

Rebeka akavuka mistari mpaka kwa yule mama. Akamshika kiwiko. "Mama, basi sasa. Siku hizi nne zimetosha."

Mama Juliana akamtazama, jasho linamtiririka, mguu mmoja ameukunja kwa maumivu. "Zimetosha kweli, mwanangu, au unanionea huruma?"

Dada yangu hajui kusema uongo. Ndiyo sababu yuko alipo. Hakumwachia kiwiko.

"Nakuonea huruma," akasema.

Mama Juliana akatikisa kichwa kukubali, akaokota jembe lake, akahamia mstari unaofuata.